The Blair Witch Project, Paranormal Activity au Skinamarink: ulinganisho kwa anayesita kuchagua

Mtu anayetafuta filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa pesa kidogo, nje ya kampuni kubwa za Hollywood, hukutana mapema na majina haya matatu, na akisoma maoni ya waliozitazama huzidi kuchanganyikiwa. Kwa kila moja yupo anayeapa kwamba usiku ule hakuzima taa, na yupo anayelalamika kwamba amepotezewa muda kwa sababu hakuna kinachotokea. Lalamiko hilo la pili hurudiwa kwa maneno yaleyale kuhusu filamu zote tatu, na ndilo linalompotosha msomaji zaidi, kwa kuwa kinachokosekana katika filamu hizi hakifanani. Katika The Blair Witch Project inakosekana sura ya adui. Katika Paranormal Activity linakosekana, kwa muda mrefu, tukio lenyewe. Katika Skinamarink hata watu wanaotishwa hawaonekani sawasawa. Anayevumilia upungufu wa aina moja anaweza kabisa asiuvumilie wa aina nyingine, kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni nzuri, afadhali mtu ajiulize yuko tayari kunyimwa nini.

Nimezipima kwa mambo sita: gharama na jinsi inavyojionyesha kwenye picha, kile ambacho kila filamu inakataa kukuonyesha, kazi ya sauti, watu waliomo na kama unawaamini, namna inavyomalizika, na chombo, nakala na wenzako unaotazama nao. Kiwango cha kutisha sikukiweka kuwa kigezo, kwa sababu hofu huzaliwa pale mambo hayo sita yanapokutana na mtazamaji fulani katika usiku fulani, na hapo watu wawili wakweli wanaweza kutofautiana kabisa. Miisho sikuifichua.

Hadithi kwa ufupi

The Blair Witch Project, ya mwaka 1999, inafuata wanafunzi watatu wanaoingia msituni karibu na mji mdogo wa Burkittsville, jimbo la Maryland nchini Marekani, mwezi Oktoba 1994, ili watengeneze filamu ya hali halisi kuhusu mchawi anayesimuliwa na wenyeji. Maandishi ya mwanzo yanatangaza kwamba walipotea na kwamba picha walizopiga zilipatikana mwaka mmoja baadaye. Unachotazama ndizo picha hizo.

Paranormal Activity, iliyopigwa mwaka 2006 na kuenea katika kumbi za sinema mwaka 2009, inawahusu Katie na mpenzi wake Micah, wanaoishi pamoja San Diego, California. Katie amekuwa akiandamwa na kitu tangu utotoni, na Micah ananunua kamera ili akinase wanapolala.

Skinamarink ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2022 katika tamasha la Fantasia mjini Montreal, Kanada, na ikaingia kumbini Januari 2023. Watoto wawili, Kevin na dada yake Kaylee, wanaamka usiku mmoja wa mwaka 1995 na kukuta baba yao hayupo, huku madirisha na milango ya nyumba ikitoweka.

Pesa, na jinsi inavyojionyesha kwenye picha

Waongozaji Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliipiga The Blair Witch Project kwa siku nane mwezi Oktoba 1997. Gharama ya awali hukadiriwa kati ya dola 35,000 na 60,000. Baada ya filamu kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 1999, kampuni ya Artisan iliinunua kwa takriban dola milioni 1.1, ikatumia mamilioni mengine kuitangaza, na mwishowe filamu ikaingiza karibu dola milioni 248 duniani kote. Waigizaji Heather Donahue, Michael C. Williams na Joshua Leonard walitumia majina yao halisi na ndio waliobeba kamera, moja ya video na nyingine ya mkanda wa milimita 16 usio na rangi. Waongozaji walijitenga nao msituni, wakawaachia maelekezo ya kila siku ndani ya vikopo, kila mwigizaji na karatasi yake ambayo wenzake hawakuiona, na chakula kikawa kinapunguzwa kadiri siku zilivyosonga. Kwa hiyo uchovu na hasira unavyoviona havikuigizwa vyote. Upungufu wa pesa unajionyesha hasa katika kamera inayotikisika, na hili si jambo la ladha tu: mwaka 1999 wapo watazamaji waliopatwa na kichefuchefu ukumbini, na wengine wakalazimika kutoka. Kama kusoma ndani ya gari linalokwenda hukufanya uugue, zingatia onyo hilo.

Oren Peli alikuwa mtaalamu wa programu za michezo ya kompyuta na hakuwa ameongoza filamu yoyote kabla ya Paranormal Activity. Aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa takriban wiki moja na kwa dola 15,000, nayo ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 190. Mchana kamera iko mkononi mwa Micah, lakini usiku husimikwa juu ya miguu yake mitatu chumbani, ikitazama kitanda na mlango ulioachwa wazi, na pembeni mwa picha saa inakimbia. Kati ya filamu hizi tatu, hii ndiyo ambayo umaskini wake unaonekana kidogo zaidi, kwa kuwa picha ya kamera ya nyumbani ndiyo picha hasa ambayo hadithi inaidai.

Skinamarink iligharimu dola 15,000 za Kanada, na nyingi kati ya hizo zilitokana na michango ya watu. Mwongozaji Kyle Edward Ball aliipiga Edmonton, jimbo la Alberta, katika nyumba aliyokulia, na mapato yake kumbini yalifika takriban dola milioni 2 za Marekani. Hapa picha imechakazwa kwa makusudi. Ball alitumia kamera ya kisasa, kisha akaongeza chengachenga wakati wa uhariri hadi ikafanana na mkanda wa zamani uliochoka. Kamera hukaa muda mrefu ikitazama kona ya dari, zulia, miguu ya mtoto, vitu vya kuchezea vilivyotapakaa, au televisheni inayoonyesha katuni za kale. Wapo wanaosema kwamba ndivyo macho ya mtoto mdogo yanavyoona nyumba gizani, na wapo wanaosema kwamba wameangalia ukuta kwa dakika 100. Wote wameelezea kwa usahihi kitu kilekile.

Kinachofichwa

Hapa ndipo maoni yanapogawanyika hasa.

The Blair Witch Project inakupa alama na kukunyima mwenye alama. Unaona malundo ya mawe, unaona vijiti vilivyofungwa kwa umbo la mtu vikining'inia mitini, unawaona vijana watatu wakigombana juu ya njia, lakini huoneshwi mchawi. Wanaoilaumu husema waliahidiwa mchawi na hawakumpata. Wanaoitetea hujibu kwamba kutisha kwake hakumtegemei mchawi, bali kupotea: ni kule kutembea mchana kutwa na kujikuta mahali ulipoanzia, na imani kwamba wenzako wana akili timamu kupungua kidogo kila jioni. Kwa maoni yangu utetezi huo una nguvu. Ukiitazama kama filamu ya mchawi utakosa ulichokifuata, lakini ukiitazama kama filamu ya watu waliopotea msituni, karibu kila tukio lina uzito, hata mabishano juu ya ramani ambayo wengi huyaona kuwa marefu mno.

Paranormal Activity haifichi kwa kiasi hicho. Inachofanya ni kuchelewesha. Usiku wa kwanza jambo linalotokea ni dogo kiasi kwamba ungeweza kulikosa kwa kupepesa macho, na usiku unaofuata linaongezeka kidogo. Mlango unasogea, kisha taa ya korido inawaka na kuzimika, baadaye nyayo zinaonekana juu ya poda iliyomwagwa sakafuni. Mtazamaji anafundishwa mahali pa kuangalia, halafu anaachwa asubiri. Anayelalamika kwamba hakuna kinachotokea mara nyingi amehesabu dakika za kusubiri kuwa ni dakika tupu, ilhali aliyeogopa alikuwa amezitumia kuchungulia ule mlango. Ukijijua kuwa huwezi kukaa mbele ya picha isiyosogea bila kushika simu, filamu hii haitakupa kitu, kwa sababu jambo lenyewe litapita ukiwa umeinama.

Kuna suala moja ambalo msomaji wa Kiswahili pengine atalipokea tofauti na watazamaji wa Marekani. Wengi wao, waliozoea hadithi za nyumba zenye mizimu, huuliza kwa nini Katie na Micah hawahami. Filamu inajibu mapema kupitia mtaalamu wanayemwita nyumbani: kitu hicho kinamfuata Katie, hakifuati nyumba. Kwa aliyekulia kwenye simulizi za jini linalomwandama mtu tangu utotoni na kuvuka naye mji hadi mji, jibu hilo halihitaji kurudiwa. Kitakachomkera zaidi ni ukaidi wa Micah, anayekichokoza kitu hicho, anakitukana na kuleta ubao wa kuita roho baada ya kukatazwa. Watazamaji wengi humchukia Micah hadi wakaichukia filamu nzima. Mimi naona kwamba ukaidi wake ndio mhimili wa hadithi, kwa kuwa hofu ya Katie ina pande mbili: anakiogopa kilicho chumbani, na anaishi na mtu asiyeuchukulia kwa uzito woga wake.

Skinamarink inaficha karibu kila kitu. Sura za watoto huonekana kwa nadra, nyingi ya kauli zao ni minong'ono, na kile kinachozungumza nao gizani hakielezwi ni nini. Hata mpangilio wa matukio ni wa kukisia. Kabla ya filamu hii Ball alikuwa na chaneli ya YouTube ambako watu walimtumia jinamizi zao naye akazigeuza kuwa video fupi, na malezi hayo yanaonekana: filamu inakwenda kwa mwendo wa ndoto mbaya, ambamo unajua kwamba kuna jambo baya chumbani bila kuweza kusema ni lipi. Aliyewahi kuamka akiwa mtoto umeme umekatika, akaita na asiitikiwe, ataipata hali hiyo hata kama hakulelewa kwenye nyumba ya zulia na televisheni ya Kanada. Hata hivyo nakubaliana na wanaosema kwamba ni ndefu mno. Dakika 20 zingeweza kuondolewa bila hasara, hasa katikati, ambako baadhi ya picha za kuta hazituongezei tena hofu wala habari.

Sauti

Katika filamu zenye pesa kidogo sauti hufanya kazi ambayo filamu kubwa huiachia mitambo ya picha, na zote tatu zinalijua hilo. Hakuna muziki wa kukuandaa. Katika The Blair Witch Project sauti hutoka mbali, nje ya hema, vijiti vikivunjika na baadaye sauti zinazofanana na za watoto, na usiku mwingine unasikia zaidi ya unavyoona. Paranormal Activity ina mngurumo wa chini unaotangulia matukio ya usiku. Baada ya kuusikia mara chache, mwili unaanza kujikaza wenyewe kabla ya jambo lolote kutokea. Skinamarink imejaa mvumo wa mkanda wa zamani, minong'ono, na vipindi virefu vya karibu kimya, kisha mara chache sauti kali inayokatiza bila onyo. Anayetumia spika za masikioni apunguze sauti kidogo.

Kutokana na hayo, filamu hizi haziwezi kutazamwa kwa msimulizi anayezungumza juu ya sauti ya asili, kama tulivyozoea kwenye filamu zilizotafsiriwa zinazoonyeshwa katika vibanda vya video vya Tanzania, Kenya na Uganda. Usimulizi huo ni sanaa yenye wapenzi wake, na filamu ya mapigano inaweza kunoga nao kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hapa lakini, kimya ndicho kinachotisha, na msimulizi akikijaza anaondoa filamu yenyewe. Mtu akikuambia kwamba Paranormal Activity haitishi, ni haki kumuuliza aliitazama nakala gani.

Kwa asiyefuatilia Kiingereza kwa urahisi, Skinamarink ina maneno machache kuliko zote, na baadhi ya minong'ono imewekewa maandishi chini ya picha. The Blair Witch Project ndiyo yenye mazungumzo mengi na ya haraka, watatu wakisemeshana kwa pamoja, na matusi ni mengi mno. Usiitazame sebuleni na wakwe au watoto.

Watu, na kama unawaamini

Hakuna filamu kati ya hizi iliyopokelewa kwa mgongano kama The Blair Witch Project, na mwigizaji aliyeubeba mgongano huo ni Heather Donahue. Filamu hiyohiyo ilipata tuzo ya vijana katika tamasha la Cannes mwaka 1999 na tuzo ya Independent Spirit ya filamu za bajeti ndogo, na Donahue kwa upande wake akapewa tuzo ya dhihaka ya Razzie kama mwigizaji wa kike mbaya kuliko wote. Watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji, walipotoka kumbini waliipa alama ya C+, alama ya chini kwa filamu iliyokuwa ikijaza kumbi namna ile. Naiona tuzo ile ya dhihaka kuwa dhuluma. Donahue hakupewa mazungumzo ya kukariri, alilala msituni, alipiga picha huku akiigiza, na ile sura yake ya karibu akiomba radhi kwa wazazi wa wenzake, machozi na kamasi vikimtoka, imebaki kuwa picha inayotambulikana kuliko zote za filamu hii. Wengi waliomchukia walimchukia kwa kupiga kelele na kung'ang'ania kamera, na hivyo ndivyo mhusika alivyo. Nakubali, hata hivyo, kwamba kukaa dakika 81 na watu wanaogombana kunachosha, na anayehitaji mhusika wa kumpenda hatampata humu.

Ni vyema pia kukumbuka jinsi watazamaji wa kwanza walivyoletwa kwake. Tovuti ya filamu na matangazo ya watu waliopotea viliwafanya wengi waamini kwamba picha ni za kweli na kwamba vijana wale wamekufa. Mtazamaji wa leo hawezi kurudi kwenye imani hiyo, kwa hiyo maoni ya mwaka 1999 na maoni ya leo yanapima vitu viwili, na si sawa kuyachanganya.

Katie Featherston na Micah Sloat nao walitumia majina yao na kubuni sehemu kubwa ya mazungumzo yao papo hapo. Wanaaminika zaidi kuliko wote kama wapenzi: wanataniana, wanakatishana maneno, wananuniana. Katie anabeba filamu kwa uchovu unaoongezeka usoni, na hata watazamaji wasiopenda filamu mara nyingi humsifu yeye.

Kuhusu Skinamarink hakuna mengi ya kusema chini ya kichwa hiki. Watoto ni sauti na miguu kuliko watu wenye tabia, na unawahurumia kwa sababu ni watoto. Mzazi mwenye watoto wadogo ajue kwamba yapo madhara kwa watoto yanayodokezwa na kusikika, hata kama hayaonyeshwi moja kwa moja, na kwa wengine hilo tu latosha kuiacha.

Mwisho

Mwisho wa The Blair Witch Project unafika ghafla, na nusu ya watazamaji hubaki wakiuliza kimetokea nini. Ufunguo wake umewekwa katika dakika za mwanzo, wenyeji wa Burkittsville wanapohojiwa, na aliyekuwa akizungumza au kutafuta vitafunio wakati huo hukosa kitu anachokuja kukihitaji baadaye. Sikiliza mahojiano yale yote, hata yanayoonekana ya kupoteza muda. Baada ya hapo picha ya mwisho haihitaji maelezo.

Paranormal Activity ina zaidi ya mwisho mmoja. Ule ulioonyeshwa kumbini mwaka 2009 ulibadilishwa baada ya kampuni ya Paramount kuichukua filamu, na ni wa kishindo kuliko ule ulioonekana kwenye tamasha la Screamfest mwaka 2007. Wanaopenda kufungiwa hadithi kwa mshtuko huufurahia. Kwangu mimi unapungukiwa kidogo, kwa kuwa filamu iliyojenga hofu kwa mambo madogo inaishia kwa kufanya kile ilichokwepa muda wote, ingawa naelewa kwa nini ukumbi uliojaa ulihitaji hivyo.

Skinamarink inakoma bila kufafanua. Asiyeweza kulala akiwa na swali lisilojibiwa asijitese.

Skrini, nakala na wenzako

Kigezo hiki hakitajwi sana katika maoni ya watu, nacho ninakiona kuwa kizito kuliko fedha au waigizaji.

The Blair Witch Project inavumilia skrini ndogo vizuri. Picha yake ni ya umbo la televisheni ya zamani na ilipigwa kwa kamera duni tangu mwanzo, kwa hiyo simu haiinyang'anyi sana, na skrini ndogo huwapunguzia baadhi ya watu kichefuchefu. Wenzako wawili au watatu wanatosha.

Paranormal Activity inadai skrini kubwa kadiri unavyoweza kuipata, kwa kuwa kinachotisha mara nyingi ni kitu kidogo pembeni mwa picha. Inadai pia watu. Kampuni ilianza kuionyesha usiku wa manane katika miji ya vyuo vikuu, na tangazo lake lilionyesha watazamaji wenyewe gizani wakiruka vitini, kwa sababu wauzaji walijua kwamba pumzi ya jirani yako ni sehemu ya tukio. Anayeitazama peke yake mchana, kwenye simu, ndani ya daladala, hajaitazama kwa namna inayomruhusu kuitolea hukumu.

Skinamarink inadai kinyume: peke yako, usiku, taa zimezimwa, spika za masikioni. Ukiitazama na kundi, mtu mmoja atacheka katika dakika ya kumi na usiku utakuwa umeisha. Jambo la nakala ni zito zaidi kwake. Mitambo ya kubana video ili faili liwe dogo huzichukulia zile chengachenga kuwa uchafu, huzifuta, na sehemu za giza zikageuka mabonge ya miraba yanayotetemeka. Filamu hii karibu yote ni giza na chengachenga, hivyo nakala iliyobanwa sana humwonyesha mtazamaji kitu ambacho Ball hakukitengeneza. Ilivuja mtandaoni mwaka 2022 kabla ya kufika kumbini, ikasambaa vipande vipande kwenye TikTok, na sehemu ya sifa zake za kupita kiasi, pamoja na sehemu ya matusi yake, ilitoka kwa watu walioona vipande hivyo tu. Kama bando lako halitoshi kwa picha safi, chagua mojawapo ya zile mbili nyingine.

Filamu ipi kwa hali ipi

Kama hujazoea filamu za aina hii na unataka kujua zinatisha kwa njia gani, anza na Paranormal Activity. Ina mpangilio unaoeleweka, inamwongoza mtazamaji hatua kwa hatua, na dakika zake 86 hazimwachi njiani. Inawafaa pia marafiki waliokusanyika wikendi, na wapenzi wawili, wao hasa, kwa kuwa watajiona katika ugomvi wa wale wawili.

Kama unavutiwa na mazingira, na msitu hukutisha kuliko chumba, au kama wewe mwenyewe unatamani kutengeneza filamu kwa simu na marafiki, The Blair Witch Project itakupa zaidi. Kwa mtengenezaji chipukizi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ina funzo la moja kwa moja: angalia jinsi vijiti, mawe na hema vilivyobeba kazi nzima, na jinsi uhaba wa kuonyesha ulivyofichwa ndani ya sababu ya hadithi. Iache kama kichefuchefu hukushika haraka au kama kelele za ugomvi zinakuchosha.

Kama umeshaziona nyingi na mshtuko wa ghafla haukugusi tena, au kama unapenda picha inayokuachia kazi ya kukisia, chukua Skinamarink, katika usiku ambao huna haraka ya kuamka. Usiitazame ukiwa na usingizi, maana mwendo wake utakulaza. Usimpendekezee mtu kwa maneno kwamba inatisha sana, kwa kuwa sifa ya namna hiyo ndiyo iliyowaletea wengi hasira. Mwambie ni ya polepole, ya giza, na haielezi.

Kwa familia yenye watoto chini ya miaka kumi na sita hivi, sipendekezi hata moja. Mbili za kwanza zina matusi mengi, na ya tatu, ingawa damu yake ni kidogo, inamgusa mtoto mahali pabaya zaidi, pale anapomwita mzazi na asiitikiwe.

Aliyejaribu mojawapo na kuchoshwa asihitimishe kwamba zote hazimfai. Aliyechoshwa na kamera inayotikisika ya The Blair Witch Project anaweza kutulia na kamera iliyosimama ya Paranormal Activity. Aliyeiona Paranormal Activity kuwa ya wazi mno, akikasirishwa na mwisho wake wa kishindo, huenda ndiye hasa ambaye Skinamarink ilitengenezwa kwa ajili yake. Na aliyeshindwa na Skinamarink kwa kukosa watu wa kuwashika ajaribu The Blair Witch Project, ambako wahusika hawakuachi hata dakika moja, na asikilize kwa makini yale mahojiano ya mwanzo.